Pumzi, Sikio na Mguu: Mbio za Nyanda za Kati na Uamuzi wa Mkimbiaji

Mtoto wa Tanzania hujifunza kupima kasi kwa mara ya kwanza kwenye mchakamchaka. Katika shule za msingi za Nkuhungu, kata ya Jiji la Dodoma, kama katika maelfu ya shule nyingine nchini, desturi ni ileile: asubuhi, kabla ya paredi na usafi, wanafunzi hujipanga mistari, kiranja mmoja hukaa pembeni na kuanzisha wimbo, wenzake huitikia, na msafara mzima huondoka kwa hatua fupi zinazogonga ardhi kwa pamoja. Desturi hii ina damu ya kijeshi. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na mbio za kuimba zikawa sehemu ya maisha ya makambi yake. Katika miaka ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, zikakomaa shuleni. Leo vikundi vya jogging vinavyotoka Jumamosi alfajiri katika mitaa ya Dodoma vinaendeleza namna ileile ya kukimbia, kwa fulana za rangi moja na mwimbishaji mmoja.

Wimbo ule ni burudani, lakini pia ni kipimo. Anayeimba huku anakimbia hulazimika kuvuta pumzi fupi na kuitoa kwa muda mrefu. Mwendo ukiwa wa wastani, hilo halina taabu. Kasi ikizidi kiwango fulani, misuli huanza kutoa hewa ya kabonidayoksaidi kwa wingi kuliko mapafu yanavyoweza kuiondoa kwa utulivu. Vihisi vilivyo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye shina la ubongo hugundua badiliko hilo, na mkimbiaji hujikuta anahema. Ndiyo maana mwitikio huanza kukatika safu za nyuma, walipo wadogo na wazembe, kabla ya mtu yeyote kusema amechoka. Kiranja mwenye sikio zuri hupunguza hatua papo hapo. Madaktari wa michezo wanakijua kipimo hicho, nao humshauri anayeanza mazoezi akimbie kwa kasi inayomruhusu kuzungumza sentensi nzima. Sauti ya miguu nayo ina kazi yake: anayekimbia ndani ya mdundo wa wengi hahitaji kufikiria urefu wa hatua, kwa kuwa sikio humpangia.

Uwanda wa kati wenyewe huongeza masharti yake. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na pwani. Si mwinuko wa kutisha. Mbulu na Karatu ziko juu zaidi. Kinachoutofautisha mji huu ni ukavu. Mvua hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata miezi ya vumbi na upepo, na jasho hukauka kabla halijatiririka. Mkimbiaji asiyezoea hudanganyika kwamba hapotezi maji kwa sababu fulana yake ni kavu. Macho nayo hudanganyika. Ubongo hukadiria kasi ya mwili kwa kutumia vitu vinavyopita pembeni, yaani vichaka, nguzo na kuta, navyo vikiwa karibu mwendo huonekana mkali. Kwenye mbuga tupu yenye mibuyu iliyoachana, vitu vya pembeni ni vichache na viko mbali, hivyo mtu huhisi anajikokota hata akiwa anakwenda vizuri. Kilima kama Mlimwa huonekana kipo hapo tu, na baada ya nusu saa bado kipo hapo tu. Katika mazingira hayo jicho ni mshauri dhaifu, na anayekimbia mara kwa mara huzoea kusikiliza zaidi pumzi na miguu.

Waandishi wengi wa michezo wamependa kusema kwamba ufugaji ndio uliozaa wakimbiaji wa kanda hii: kijana wa Kigogo, Kinyaturu au Kiiraqw hukimbiza ng'ombe tangu utotoni, basi mbio ziko kwenye damu. Maelezo hayo ni matamu kuliko yalivyo ya kweli. Wachungaji ni wengi mno, na mabingwa ni wachache mno. Kilichowakusanya wachache hao, kikawapa viatu, chakula cha uhakika, muda wa mazoezi na safari za nje, ni jeshi. Filbert Bayi, Juma Ikangaa na Alphonce Simbu wote wamekimbia wakiwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Uchungaji ungeweza kumpa mtu uvumilivu wa jua na sikio la kutambua mnyama aliyepotea kwa mlio wa kengele yake, lakini uamuzi wa mbio za ushindani ni ufundi mwingine kabisa, na hujengwa kwa mashindano.

Ufundi huo, kwa Watanzania wa miaka ya 1970 na 1980, ulikuwa na sura moja inayotambulika dunia nzima: kukimbia mbele tangu mwanzo. Aliyeufanya uwe maarufu ni Bayi, mzaliwa wa Karatu. Tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, Nyuzilandi, alichomoka mara tu baada ya bastola na kumaliza mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55. Mita 800 alizipita kwa karibu dakika 1 na sekunde 52, wengine wakiwa nyuma kwa mita nyingi. Desturi ya mbio za aina hiyo ilikuwa kuviziana hadi mzunguko wa mwisho, kisha mwenye miguu myepesi achukue ushindi. Wenzake walimsubiri achoke. John Walker wa Nyuzilandi alimkaribia katika mita za mwisho, lakini Bayi alikuwa na akiba, akamaliza kwa 3:32.16 dhidi ya 3:32.52 za Walker. Rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, iliyodumu tangu 1967, ikaanguka, na Walker aliyeshindwa naye alikuwa ameivunja. Ben Jipcho wa Kenya alikuwa wa tatu. Mwaka uliofuata, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliweka pia rekodi ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Mpambano mkubwa uliongojewa kati yake na Walker kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 haukufanyika, kwa kuwa Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusia michezo hiyo kwa sababu ya uhusiano wa raga wa Nyuzilandi na Afrika Kusini ya makaburu.

Anayeongoza hulipa gharama mbili. Ya kwanza ni upepo. L. G. C. E. Pugh, mwanafiziolojia wa Uingereza aliyewahi kuwa kwenye msafara wa Everest wa mwaka 1953, alionyesha mwaka 1971 kwamba mkimbiaji wa mbio za kati anayejibanza mita moja nyuma ya mwenzake hukwepa sehemu kubwa ya upinzani wa hewa na hutumia oksijeni kidogo zaidi kwa kasi ileile. Bayi alikuwa akienda zaidi ya mita saba kwa sekunde, kasi ambayo gharama hiyo si ndogo. Ya pili inahusu taarifa. Aliye nyuma ana mgongo wa mwenzake mbele ya macho. Huona bega likianza kuyumba, kiwiko kikitanuka, kisigino kikichelewa kuinuka, na kwa dalili hizo hujua saa ya kushambulia. Aliye mbele hana mgongo wa kusoma. Akigeuza shingo hupoteza mwendo na huwaambia wote kwamba ana hofu. Hubaki na masikio: hatua za nyuma zikiwa nzito au nyepesi, pumzi ya mpinzani, na zaidi ya yote kelele za watazamaji, ambazo humpita yeye kwanza, hutulia, kisha hupanda tena anapofika wa pili. Muda kati ya mawimbi hayo mawili ya kelele ndio umbali wake, na mkimbiaji mzoefu huusoma bila kuhesabu.

Ila faida nayo ipo, na pengine ndiyo iliyowavuta Watanzania wale. Anayeongoza huchagua mwendo, na taarifa anayoihitaji zaidi imo ndani ya mwili wake mwenyewe. Wanaomfuata ndio wanaolazimika kukisia kama ana wazimu au ana nguvu. Bayi aliwaweka wengi katika fumbo hilo. Kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 alilirudia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, akaongoza kwa pengo kubwa hadi mzunguko wa mwisho. Bronisław Malinowski wa Polandi alimkuta karibu na shimo la maji la mwisho na kushinda kwa 8:09.70, Bayi akapata fedha kwa 8:12.48. Viunzi humlazimisha mtu kukadiria kwa jicho mahali pa kutia mguu wa mwisho kabla ya kuruka, na mapaja yakishachoka jicho hukadiria sawasawa lakini mguu haufiki palipokusudiwa. Suleiman Nyambui alipata fedha nyingine katika mita 5,000 ya michezo hiyohiyo, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia.

Mtu wa Dodoma katika kundi hili ni Juma Ikangaa, aliyezaliwa mkoani humo mwaka 1957. Yeye aliuhamisha mtindo wa kuongoza kutoka uwanjani hadi barabarani, kwenye kilomita 42 na mita 195, ambako makosa ya kukadiria hulipwa kwa riba. Marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Brisbane, Oktoba 1982, ndiyo iliyomtambulisha. Ikangaa na Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga, ambaye katika michezo hiyohiyo alitwaa dhahabu ya mita 10,000, waliondoka mapema na kuwaacha wengine. Robert de Castella wa Australia, mwenyeji, alibaki nyuma bila papara. Alipowaona wamepungua alianza kuwafuata, na katika kilomita za mwisho yeye na Ikangaa walipokezana uongozi zaidi ya mara moja. De Castella alishinda kwa 2:09:18, Ikangaa akafika sekunde 12 baadaye. Shahanga alikuwa ameshaachwa. Mbio zile zilionyesha pande mbili za hesabu moja: mmoja alipima pumzi yake, mwingine alipima pumzi yake na migongo miwili iliyokuwa mbele.

Marathoni ya Boston, ambako Ikangaa alipata taabu baadaye, inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu njia yake huwahadaa hata wanaoijua. Huanzia mji wa Hopkinton na kuishia katikati ya jiji, takriban mita 140 chini ya mahali pa kuanzia. Kilomita nyingi za mwanzo ni mteremko. Katika mteremko moyo haupigi sana na pumzi hutulia, hivyo vihisi vinavyomwambia mkimbiaji kwamba anajitahidi mno havipeleki onyo lolote. Lakini kila hatua ya kushuka huulazimisha msuli wa mbele ya paja kujinyoosha ukiwa umebeba uzito wa mwili, mfano wa breki za lori kwenye mlima Kitonga, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu ya uharibifu huo hayaji wakati huohuo. Hujitokeza baadaye, kwenye vilima vya Newton kati ya kilomita ya 26 na ya 34, ambapo mkimbiaji anayapeleka mapaja kupanda na kugundua kwamba hayaitiki. Pumzi ilikuwa imesema kweli yake, miguu ilikuwa na kweli nyingine iliyochelewa.

Ikangaa alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo. Mwaka 1988 alikuwa bega kwa bega na Ibrahim Hussein wa Kenya hadi mtaa wa mwisho. Hussein akamzidi kwa kasi ya mwisho na kushinda kwa 2:08:43 dhidi ya 2:08:44, akawa Mwafrika wa kwanza kutwaa Boston. Kwa mwendo waliokuwa nao, sekunde ile moja ni kama mita tano na nusu baada ya zaidi ya kilomita 42. Mwaka 1989 Abebe Mekonnen wa Ethiopia alimtangulia kwa sekunde 50. Mwaka 1990 aliondoka tena kwa kasi kali sana kwenye mteremko, na Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa Seoul, akamkuta katika sehemu ya mwisho na kumwacha kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Ni rahisi kusema kwamba Ikangaa hakujifunza. Matokeo yake kwingineko yanakataa hukumu hiyo: Novemba 1989, kati ya Boston mbili hizo, alishinda marathoni ya New York kwa 2:08:01, muda bora kuliko wowote uliokuwa umewahi kukimbiwa kwenye njia hiyo hadi siku hiyo, na aliyemfuata, Ken Martin wa Marekani, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja na nusu. New York hupanda na kushuka madaraja tangu mwanzo. Hapo pumzi hutoa onyo mapema na kwa haki, na mtu anayeisikiliza pumzi yake hupata jibu sahihi. Njia ndiyo iliyotofautiana.

Wakati Ikangaa anakimbia, wanasayansi walikuwa wanatafuta lugha ya kueleza jambo ambalo wakimbiaji walilifanya bila kulitaja. Gunnar Borg wa Sweden alikuwa ameshatengeneza ngazi ya kupima juhudi inayohisiwa, kuanzia 6 hadi 20, iliyopangwa hivyo ili namba anayoitaja mtu, ikizidishwa mara kumi, ikaribie mapigo ya moyo wake kwa dakika. Uzuri wa ngazi hiyo ni kwamba inaamini hisia za mwenye mwili. Mwaka 1996 Hans-Volkhart Ulmer wa Ujerumani alipendekeza kwamba ubongo hupanga matumizi ya nguvu kwa kuutazama mwisho: hupokea taarifa kutoka kwenye misuli, maungio, ngozi na damu, huzilinganisha na umbali uliobaki, kisha huamua mwendo. Baadaye Timothy Noakes wa Afrika Kusini alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba uchovu wenyewe ni breki inayowekwa na ubongo kabla mwili haujaharibika. Ubishi juu ya dai hilo haujaisha, na wapo wanaoamini misuli huchoka yenyewe bila kuombewa ruhusa. Wote, hata hivyo, wanakubaliana kwamba mkimbiaji asiyejua amebakiza umbali gani hukimbia vibaya, hata akiwa na nguvu.

Maumivu nayo ni taarifa, na kuyapa uzito gani ni uamuzi. Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa John Stephen Akhwari wa Mbulu, kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Alianguka njiani na kuumia vibaya goti, akaendelea, akaingia uwanjani akiwa na bandeji mguuni saa moja na zaidi baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Muda wake ulikuwa 3:25:27. Kwa hesabu za mwili, goti lile lilikuwa limeshatoa amri ya kusimama.

Baada ya Ikangaa, mtindo wa kuongoza ulipungua. Mbio kubwa za barabarani zilianza kutumia wakimbiaji wa kuvuta kasi, watu wanaolipwa kushika mwendo uliokubaliwa hadi kilomita ya 30 hivi, na magari ya mbele yakabeba saa kubwa inayoonekana na kundi zima. Kisha zikaja saa za mkononi zenye GPS zinazosoma mwendo kwa kila kilomita. Sehemu ya kazi iliyokuwa ya pumzi na miguu ikahamia kwenye namba. Si faida tupu: kijana anayejifunza kwa saa peke yake hutaabika pale saa inaposema jambo moja na joto la siku likasema jingine. Kwa sababu hiyo makocha wengi bado huwapa wanafunzi wao mazoezi ya kukimbia mzunguko bila saa kisha kutaja muda wanaodhani wametumia. Anayekosea kwa sekunde tatu leo hutarajiwa kukosea kwa moja baada ya miezi kadhaa.

Mashindano ya ubingwa hayana wakimbiaji wa kuvuta kasi, na ndiyo maana ufundi wa kuvizia ulirudi kwenye heshima. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, upande wa magharibi wa uwanda huohuo wa kati, ni mkimbiaji wa aina hiyo. Alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya Mashindano ya Dunia London mwaka 2017, na Aprili 2025 akawa wa pili Boston, kwenye njia ileile iliyomtesa Ikangaa, nyuma ya John Korir wa Kenya. Pale pia uamuzi ulikuwa wa mwishoni: Simbu na Cybrian Kotut wa Kenya walipewa muda mmoja, 2:05:04, Simbu akiwa mbele.

Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Septemba 2025, marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo ilianza kwa tukio la ajabu: mkimbiaji mmoja alichomoka kabla ya bastola, na wote wakarudishwa, jambo la kawaida kwa mita 100 lakini la kuchekesha kwa mbio za saa mbili. Sikio hupeleka habari kwenye misuli haraka kuliko jicho, kwa takriban sehemu 15 za mia za sekunde dhidi ya karibu 20, na kwa mbio fupi kanuni huhesabu kuwa anayeondoka ndani ya sekunde 0.1 baada ya mlio hakuusubiri. Katika joto na unyevunyevu wa Tokyo kundi lilibaki kubwa kwa muda mrefu, kila mmoja akimngoja mwenzake. Simbu hakushika uongozi kwa pupa. Waliingia uwanjani watatu wakikaribiana: Simbu, Amanal Petros wa Ujerumani na Iliass Aouani wa Italia. Kwenye unyoofu wa mwisho Simbu alikuwa na kile ambacho Ikangaa alikikosa mwaka 1988: mgongo wa mpinzani mbele ya macho. Alimfikia Petros mstarini kabisa. Petros alijitupa mbele na kuanguka.

Muda wa wote wawili ulikuwa 2:09:48. Picha ya mstari wa mwisho ilitenganisha vifua vyao kwa sekunde 0.03, pengine sentimita 20 hivi kwa kasi ile. Katika enzi ya Bayi waamuzi walikuwa bado wakibonyeza saa za mkono walipouona moshi wa bastola, kwa kuwa mwanga huwahi na sauti huchelewa uwanjani, na rekodi yake ya Christchurch, ingawa muda wake ulipimwa hadi sehemu za mia, ilithibitishwa kwa sehemu za kumi tu, 3:32.2. Kwa saa za mkono peke yake Tokyo ingeamuliwa na macho ya majaji. Simbu mwenyewe alieleza kwamba hakujua kama ameshinda hadi alipoliona jina lake juu ya orodha kwenye skrini za uwanja. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya Mashindano ya Dunia ya Riadha.